Kadi ya kumbukumbu (kamera ya video)

Kadi ya kumbukumbu ni chombo kilichochukua nafasi ya kanda katika kamera za video za kitaalamu. Panasonic ilileta kadi ya P2 mwaka 2004. Sony ikafuata na SxS mwaka 2007. Kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde, saa moja ya ngoma ya mganda iliyopigwa Mbinga au Mbamba Bay hula gigabaiti 22 hivi.

Picha zinazodaiwa kupotea mara nyingi zipo. P2 huhifadhi picha na sauti katika mafaili tofauti ndani ya folda ya CONTENTS. Anayenakili folda ndogo ya VIDEO peke yake huondoka na wachezaji mabubu. SxS iliyofomatiwa kwa FAT32 hukata rekodi ndefu vipande visivyozidi gigabaiti 4, hivyo folda ya BPAV yenye vipande hivyo hunakiliwa nzima, majina yasiguswe. Kadi ikigoma, hairekodiwi tena wala haifomatiwi: hujaribiwa kwanza kwenye kisomeo kingine, kisha kwa programu ya kuokoa mafaili. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, kazi hurudiwa yote na ukubwa wa folda ya kadi na ya nakala hulinganishwa. Haraka ya kufuta kadi ukumbini, sherehe ikiendelea, ndiyo imeponza harusi nyingi.