Miaka 12 ya Kumtafuta Kidung'ata wa Kahawa

Mwaka 1923 wakulima wa kahawa katika nyanda za juu za Kenya, mashariki mwa Bonde la Ufa, walivamiwa na mdudu wasiyemjua. Alijibanza katikati ya vishada vya buni na kwenye vichipukizi, mwili wake umefunikwa nta nyeupe kama unga. Hakuruka wala hakukimbia. Alichomeka mrija wake kwenye ngozi ya mmea, akafyonza utomvu, akazaliana hapo hapo. Buni zikaanza kupukutika kabla ya kukomaa.

Alikuwa kidung'ata, mdudu asiyefika hata nusu sentimita. Uchafu anaotoa ni majimaji matamu yanayodondokea majani ya chini, na juu ya utamu huo huota kuvu weusi wanaolizibia jani jua. Utamu huo pia huwavuta sisimizi wa jenasi ya Pheidole. Wao huyanywa majimaji hayo na, kwa malipo yake, huwafukuza wadudu wengine ambao wangemla kidung'ata. Kwa hiyo wakulima walipambana kwanza na mlinzi: walizungushia mashina ya mibuni ukanda wa gundi ili sisimizi wasipande. Kazi ilikuwa kubwa na ya gharama, maana tawi moja likigusa ardhi, au gugu moja likiegemea mti, sisimizi walishapata daraja.

Janga hilo halikubaki kwenye mashamba ya walowezi. Wakati huo Mwafrika nchini Kenya alikuwa bado hajaruhusiwa kulima kahawa. Ruhusa za kwanza zilikuja miaka ya 1930, Kisii, Embu na Meru. Hata hivyo kidung'ata aliingia katika mashamba ya chakula ya Wakikuyu, akaiparamia mimea ya viazi vikuu na mbaazi. Aliyekosa faida ya kahawa akapata hasara yake.

Dawa za wakati ule hazikufua dafu, hivyo tumaini lilibaki kwa maadui asilia wa mdudu huyo. Lakini ili umjue adui wa mdudu, ni lazima kwanza umjue mdudu mwenyewe na kwao ni wapi. Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Kuwatofautisha vidung'ata kwa macho ni jambo gumu mno. Dume aliyekomaa ni kijidudu dhaifu chenye mabawa kisichoishi muda mrefu, kwa hiyo wataalamu hutegemea jike. Jike huyo hupashwa moto ndani ya dawa kali inayoyeyusha nyama na nta, ikabaki ngozi tupu. Ngozi hutiwa rangi, ikatandazwa kwenye kioo na kuwekwa chini ya hadubini. Ndipo zinapoonekana alama za ukoo: jozi za vifungu vya miiba pembezoni mwa mwili, vitundu vinavyotoa nta, vimirija vilivyopangika tumboni. Spishi moja inaweza kutengana na nyingine kwa idadi ya vimirija tu, au kwa mahali vilipokaa.

Kidung'ata wa Kenya alipopimwa hivyo, alidhaniwa kwanza kuwa yule wa michungwa, anayejulikana dunia nzima. Baadaye akadhaniwa kuwa ndugu yake wa Asia, anayeitwa leo Planococcus lilacinus. Kila jina lilielekeza msako upande wake. Maadui wa spishi hizo waliletwa Kenya kutoka ng'ambo wakaachiliwa mashambani, lakini hawakustawi. Kasoro haikuwa kwa wadudu hao walioletwa. Walipelekwa kwa mwenyeji asiye wao.

Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu R. H. Le Pelley alichapisha maelezo yaliyobadilisha mwelekeo. Kidung'ata huyu, alieleza, ni spishi ambayo sayansi ilikuwa haijawahi kuiandika. Akamwita Pseudococcus kenyae. Leo ni Planococcus kenyae. Baada ya kupewa sura yake halisi, ilionekana kwamba hakutoka mbali. Alikuwa na makao ya asili Uganda, ng'ambo tu ya mpaka, na huko hakusumbua watu kwa sababu kulikuwa na nyigu wadogo waliomdhibiti.

Mwaka 1938 nyigu hao, hasa wa jenasi ya Anagyrus, walichukuliwa Uganda na kuachiliwa Kenya. Jike la nyigu hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Kiluwiluwi humla kutokea ndani, kisha nyigu mpya hutoboa na kutoka. Safari hii walishika. Kwa makadirio yaliyoandikwa baadaye, kufikia mwaka 1959 kazi hiyo iliokoa takriban pauni milioni 10, kwa gharama isiyozidi pauni 30,000.

Mwaka 1983 mtafiti Jennifer Cox alionyesha kwa nini makosa ya namna hii hutokea kwa urahisi. Alilea vidung'ata katika hali tofauti za joto, akakuta ukubwa wao na idadi ya alama zao hubadilika, ingawa ni spishi ile ile. Mwaka 1989 akachapisha uchambuzi wa jenasi nzima ya Planococcus.

Cox alikuwa ameshiriki pia katika mkasa mwingine wa aina hiyo. Miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo alizuka Kongo, pande za Kinshasa na Brazzaville, akateketeza chakula cha mamilioni ya watu. Danièle Matile-Ferrero alimwelezea mwaka 1977 kwa jina la Phenacoccus manihoti. Msako ulipoelekea kaskazini mwa Amerika Kusini ulimkuta anayefanana naye, lakini maadui wa huyo hawakufaa. Huyo alikuwa na madume, wakati wa Afrika huzaa bila dume. Mwaka 1981 Cox na mwenzake Williams walimtambulisha huyo wa Amerika Kusini kuwa spishi tofauti. Mwaka huo huo Tony Bellotti alimpata mdudu halisi Paraguay. Nyigu wa huko, Anagyrus lopezi, alienezwa katika ukanda wa muhogo barani Afrika, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akapata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kidung'ata wa mapapai alipogunduliwa nchini Kenya mwaka 2016, hali ilikuwa tofauti. Spishi yake, Paracoccus marginatus, ilikuwa imeelezwa tangu mwaka 1992, na nyigu anayemdhibiti alishajulikana. Mwaka 2021 nyigu huyo, Acerophagus papayae, aliletwa Kenya kutoka Ghana na kuachiliwa kwenye mipapai. Mara hii hakuna aliyelazimika kusubiri miaka 12 ili mdudu atambuliwe.