Medani za Vita Zisizo na Minara: Historia ya Turkana Isiyooneshwa Wageni

Ziara za medani za vita, yaani safari ambazo mwongozaji huwafikisha wageni mahali majeshi yalipopambana na kuwaeleza ni nani alisimama wapi na kwa sababu gani, zina mizizi katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki. Huko Taita Taveta wageni hupelekwa kwenye kilima cha Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani. Kalenga, karibu na Iringa, hulihifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, na Songea huwakumbuka kila Februari mashujaa wa Maji Maji walionyongwa mwaka 1906. Mgeni anayefika Lodwar, huko Turkana kaskazini-magharibi mwa Kenya, kutafuta historia ya ukoloni, kwa upande wake, kwa kawaida huelekezwa kwenye nyumba alimozuiliwa Jomo Kenyatta kati ya mwaka 1959 na 1961. Nyumba hiyo inastahili kutembelewa, lakini ni ukurasa wa mwisho wa kisa kirefu ambacho mwanzo wake, vita vya kuitwaa Turkana yenyewe, hausimuliwi, ingawa bila mwanzo huo haieleweki kwa nini serikali ya kikoloni iliona Turkana kuwa mahali pa kuwafichia wafungwa wake.

Waturkana wa karne ya 19 walikuwa wafugaji waliozidi kupanua malisho yao kuelekea Ziwa Turkana na kusini, wakiongozwa na watu walioitwa ngimurok (umoja wake ni emuron), yaani waonaji walioota ndoto, wakabashiri na kubariki misafara ya vita. Maarufu kati yao alikuwa Lokerio. Mwishoni mwa karne hiyo dola mbili zilikutana juu ya vichwa vyao. Menelik wa Ethiopia alidai mipaka iliyofika ziwani, na Waingereza, kutoka Uganda na baadaye kutoka Himaya ya Afrika Mashariki, wakadai nchi hiyo hiyo. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Ethiopia walileta bunduki, nazo zikafika mikononi mwa vijana wa kaskazini waliomfuata kiongozi wa vita aitwaye Ebei, aliyeshirikiana na emuron Loolel Kokoi katika kuwapinga Waingereza.

Kilele cha vita hivyo kilikuwa mwaka 1918, katika operesheni iliyoitwa Doria ya Labur, kwa jina la milima iliyo kaskazini mwa Lokitaung. Ilihusisha askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya maafisa wa Kiingereza ambalo Waswahili waliwaita askari wake keya, wakishirikiana na vikosi vilivyotoka Sudan, na hayo yakitendeka wakati ule ule Waingereza walipokuwa wakimfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, upande wa kusini. Silaha kuu ya operesheni ilikuwa kukamata mifugo. Kwa jamii iliyokula maziwa na damu, iliyolipa mahari kwa ng'ombe na kumaliza ugomvi kwa ng'ombe, kuchukuliwa kundi zima kulikuwa sawa na kuchomewa ghala, na njaa iliyofuata iliwaua watu ambao risasi haikuwagusa. Baadaye Waturkana walinyang'anywa bunduki, huku majirani zao ng'ambo ya mpaka, Wadassanech ambao wakoloni waliwaita Merille, wakibaki na zao, na kwa miaka mingi serikali iliyowapokonya haikuweza kuwalinda.

Ndiyo maana medani za Turkana hazifanani na zile za Taita. Hakuna mahandaki wala ngome za kuhesabu. Vita vilifuata maji na malisho, na alama zake ni visima, mapito ya milimani na mito ya msimu, ambayo Wakenya huiita laga. Mwongozaji anayefahamu kazi yake angemsimamisha mgeni ukingoni mwa laga kavu wakati wa kiangazi, mahali ambapo mchanga umechimbwa shimo refu kuliko mtu, vijana wamesimama kwa ngazi ndani yake wakipokezana ndoo kutoka chini hadi juu, na aliye juu anamimina maji kwenye birika la mti lililochongwa huku mbuzi wakisukumana kulifikia. Kikosi kilichoshika shimo kama hilo hakikuhitaji kuwafukuza watu jangwani, kwa maana mifugo ingekuja yenyewe.

Mwaka 1926 mkoa uliokuwa ukiitwa Rudolf ulihamishwa kutoka Uganda kwenda Kenya, na Turkana ikawa wilaya iliyofungwa, maana yake ni kwamba mtu asiye mwenyeji hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Lodwar ikakua kuwa makao ya utawala kando ya mto Turkwel, na Lokitaung ikawa kituo cha kijeshi cha kaskazini. Ufungwaji huo, uliozaliwa na vita vya 1918, ndio uliofanya Lokitaung iwe jela inayofaa: baada ya hukumu ya Kapenguria ya Aprili 1953 dhidi ya walioshtakiwa kuongoza Mau Mau, Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei na Karumba waliwekwa huko, pamoja na Waruhiu Itote, kamanda wa Mau Mau aliyeitwa Jenerali China. Ukuta uliokuwa umewafungia Waturkana nchi yao ndio ambao sasa uliwafungia wafungwa wa Mau Mau.

Kuna tabaka jingine la historia ambalo wenyeji hulikumbuka zaidi kuliko vitabu: baada ya Italia kuingia vitani tarehe 10 Juni 1940, njia ya Lodwar hadi Lokitaung ikawa barabara ya jeshi, na mapema mwaka 1941 Brigedi ya 25 ya Afrika Mashariki ikaelekea kaskazini kuingia Ethiopia kupitia upande wa mto Omo.

Kakuma nayo ina historia isiyosimuliwa. Ulimwengu unaijua kwa kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, na wageni wanaokwenda huko hutafuta kambi, si mji. Lakini kingo za laga ya Tarach na malisho ya kaskazini yake, kuelekea pembetatu ya Ilemi, zilikuwa na wenyewe kabla ya kambi, na mgogoro wa malisho hayo, ambao utawala wa kikoloni ulijaribu kuuzima mwaka 1938 kwa kuchora mpaka ulioitwa Mstari Mwekundu, haujafungwa hadi leo.

Kama ziara za namna hii zitaanzishwa, wazee ndio wenye ufunguo. Kumbukumbu za vita hukaa chini ya mti wa wazee, na katika akiriket, mkutano wa ibada ambao wanaume huketi kwa nusu duara kwa mpangilio wa umri na kugawana nyama. Kumbukumbu za maafisa, akiwemo Meja Rayne aliyechapisha The Ivory Raiders mwaka 1923, huwa na tarehe. Simulizi za wazee huwa na majina ya watu, ya ng'ombe waliochukuliwa na ya visima, na safari inayozipuuza mojawapo itakuwa nusu. Jambo la kuamua mapema ni nani atalipwa: mtu wa Lokitaung ambaye babu yake alipoteza kundi mwaka 1918 ana haki ya kusimulia kisa hicho kwa Kiturkana mbele ya mkalimani, na ana haki pia ya sehemu ya ada inayolipwa kwa kukisikiliza.