Jamaa ya Zweig: Rongai na Ol Joro Orok

Mwaka 1938, Hitler akiwa ameshika serikali ya Ujerumani kwa miaka mitano, Walter Zweig, wakili wa mji wa Leobschütz katika Silesia, aliyezuiwa kazi yake ya sheria kwa kuwa ni Myahudi, alihajiri hata Kenya, akaajiriwa kuwa msimamizi wa shamba huko Rongai, magharibi ya Nakuru. Na mwaka ule ule mkewe, Jettel, na binti yao Stefanie, ambaye hajatimiza miaka sita, wakamfuata.

Hawakuja na mali. Katika riwaya aliyoitunga Stefanie ukubwani, Nirgendwo in Afrika, mama huagizwa alete sanduku la barafu naye akanunua gauni la karamu. Na baba, akiona joho lake jeusi la mahakamani halina kazi tena, humtunukia mpishi Owuor, Mjaluo aliyewafunza wageni wale namna ya kuishi katika Bonde la Ufa. Joho lile, kwa maoni yangu, laeleza msiba wa wakili yule kuliko hati yoyote ya serikali.

Lakini si insafu kuyasimulia hayo na kunyamazia mengine, maana ardhi iliyowahifadhi waliofukuzwa kwa ajili ya nasaba yao, yenyewe ilikwisha kugawiwa kwa nasaba: Wamasai walihamishwa kutoka bondeni kwa mapatano ya 1904, Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, na Mwafrika alikaa humo kwa sharti la kumtumikia mwenye shamba.

Vita vilipozuka Septemba 1939, Waingereza waliwatia kizuizini raia wa Ujerumani, hata Wayahudi waliomkimbia Hitler, kisha wakawafungulia. Zweig akapata kazi Ol Joro Orok, juu penye baridi, Stefanie akapelekwa shule ya bweni mjini Nakuru, na baadaye baba akaingia katika jeshi la Kiingereza.

Mwaka 1947, wengi wa jamaa zao wakiwa wameuawa, walirejea Ujerumani, na Walter akawa jaji Frankfurt. Riwaya ya Stefanie ilitoka 1995, na filamu ya Caroline Link iliyotokana nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Stefanie mwenyewe alifariki 2014. Ama mashamba makubwa ya upande wa Ol Joro Orok, tangu 1962 serikali iliyanunua kwa Wazungu na kuyakata vipande, wakapewa wakulima wadogo, wengi wao Wakikuyu.