Kiongozi wa Kikundi katika Kampeni ya “Mtu ni Afya”, 1973

Zinapotajwa kampeni za elimu ya watu wazima nchini Tanzania, aghalabu redio ndiyo hupewa sifa, na aliyeketi kando yake husahauliwa. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya “Mtu ni Afya”. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana vikundini, wakasikiliza vipindi na kujadili maradhi kama malaria, safura na kichocho.

Suala kuu lilikuwa la mawasiliano: maarifa ya tiba yangemfikiaje mtu asiyejua kusoma? Jibu lilipatikana katika mafunzo ya viongozi wa vikundi wapatao 75,000, waliofundishwa kwa semina za ngazi kwa ngazi. Kazi yao haikuwa kuhutubu. Iliwapasa kuhakikisha kitabu kinasomwa kwa sauti, kuuliza maswali, kuwaachia wengine nafasi ya kusema, kisha kukifikisha kikundi kwenye azimio la kutenda, kama vile kuchimba choo au kufukia madimbwi. Hivyo kutojua kusoma hakukumzuia mtu kushiriki.

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba utaratibu huo, uliofuatwa tena katika “Chakula ni Uhai” mwaka 1975, ulitegemea sikio. Kizuizi cha maandishi kiliondolewa; cha kiziwi kilibaki. Kwa hiyo anayewaandaa walimu na wafanyakazi wa maendeleo hana budi kuuliza mapema ni nani asiyefikiwa na njia aliyoichagua.