Kipimajoto Kilichodharauliwa

Wanafunzi wangu hudhani kwamba viwanda vya dawa vilikumbatia mitambo inayojiendesha kwa tamaa ya faida tu. Mimi huwarudisha Speke, Liverpool, Aprili 1971. Chupa za dripu ya glukosi ziliingizwa katika chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke. Hewa ikanaswa ndani, chupa za chini zisipate joto la kutosha. Kipimajoto chenye kurekodi kilionyesha wazi kwamba joto halikupanda. Wahusika wakakiona kibovu, wakategemea geji ya presha, nayo haitofautishi hewa na mvuke. Machi 1972 wagonjwa wa Plymouth walitundikiwa dripu hizo, na baadhi yao wakafariki. Kamati iliyoongozwa na Clothier ilichunguza na kutoa ripoti mwaka huohuo.

Ajabu ni kwamba chombo kilisema kweli. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumlazimisha mtu akisikilize, na hapo ndipo ninapoiona thamani ya kusanifisha mitambo: vipimo vilevile, kengele zilezile, na mlango usiofunguka kabla joto halijatimia, katika kila idara. Lakini hata mtambo huo una mtu mwenye ruhusa ya kuipuuza kengele. Swali hilo ni la kisiasa kuliko la kihandisi. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1997 kuhusu kumbukumbu za kielektroniki ililigusa: kila saini ionyeshe jina la aliyesaini, tarehe na saa, na alisaini kwa sababu gani.