Kutuma bangi kwa posta Marekani: kosa dogo linaloweza kumkosesha mhamiaji Green Card

Jimboni Washington, mtu aliyetimiza miaka 21 anaingia dukani Seattle, anaonyesha kitambulisho, ananunua bangi yake na kuondoka. Polisi hana shida naye. Akiipeleka posta kumtumia binamu yake Texas, mambo yanageuka. Hapo ameingia kwenye sheria ya serikali ya shirikisho, na sheria hiyo haijali kama duka lilikuwa na leseni.

Wengi hudhani tatizo ni Texas tu, kwa sababu huko bangi bado ni marufuku. Siyo. Shirika la posta, USPS, ni chombo cha serikali ya shirikisho, na serikali hiyo imeiweka bangi kwenye orodha ya dawa inazozidhibiti tangu sheria ya mwaka 1970. Hata kifurushi kinachotoka mtaa mmoja wa Seattle kwenda mtaa wa pili ni kosa. Cheti cha daktari hakisaidii, na peremende au biskuti za bangi nazo zimo.

Kusambaza bangi isiyofika kilo 50 kuna kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000 kwa kosa la kwanza. Kutumia posta kufanikisha kosa hilo ni shtaka jingine, hadi miaka 4, na kila mara posta inapotumika huhesabiwa kivyake.

Kifurushi kinanaswaje?

Barua na vifurushi vilivyofungwa havifunguliwi hivi hivi. Tangu 1878, Mahakama ya Juu ya Marekani imesema lazima kiwepo kibali cha mahakama. Lakini wapelelezi wa posta wanaweza kukizuia kifurushi wanachokishuku wakati wakitafuta kibali hicho, na mbwa wa kunusa huletwa. Mwaka 1970 mahakama hiyo iliona si kosa vifurushi kuzuiwa saa 29.

Kampuni binafsi kama FedEx na UPS hazihitaji kibali kufungua mizigo. Katika kesi iliyoamuliwa 1984, wafanyakazi wa FedEx walifungua mzigo ulioharibika, wakakuta unga mweupe na kuita maofisa. Ulikuwa kokeini. Mahakama ilikubali ushahidi huo.

Anayepokea naye hatarini

Kifurushi kikinaswa, mara nyingi kinafungwa upya na kupelekwa. Anayebisha hodi amevaa sare ya posta, ila ni mpelelezi. Mpokeaji akishakichukua na kuingia nacho ndani, polisi wanafuata na kibali ambacho jaji alikisaini mapema, kikisubiri tu mzigo uvuke mlango. Vibali vya aina hiyo vilipata baraka za Mahakama ya Juu mwaka 2006.

Mwendesha mashtaka bado anatakiwa kuthibitisha kwamba mpokeaji alijua kilichomo. Jina juu ya boksi peke yake halitoshi. Simu ndo inayoweza kumwangusha: ujumbe wa "mzigo umefika?" na rekodi ya kufuatilia namba ya kifurushi mtandaoni ni vitu vigumu kuvieleza mbele ya jaji.

Na kutuma nyumbani?

Ni kubaya zaidi. Kenya kupitia sheria ya 1994, na Tanzania kupitia ile ya 2015, zote zinahesabu kuingiza bangi nchini kuwa ni ulanguzi, hata kama hakuna aliyeuziwa. Tanzania kosa hilo lina kifungo cha miaka 30, na mzigo mkubwa ni maisha.

Uhamiaji ndiko kwenye maumivu

Raia aliyemtumia rafiki yake kiasi kidogo bure anaweza kuhesabiwa kama aliyekutwa na bangi tu, kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Kwa mwenye Green Card, hukumu ya dawa za kulevya inatosha kumfukuzisha nchini. Kuna nafuu moja: aliyekutwa mara moja tu na gramu 30 au pungufu za matumizi yake mwenyewe. Kumtumia mtu mwingine hakuingii humo. Na hata mwenye nafuu hiyo, akisafiri kwenda msibani Nairobi anaweza kuzuiliwa uwanjani anaporudi.

Adrian Moncrieffe, aliyehamia kutoka Jamaica akiwa na miaka 3, alikutwa na gramu 1.3, sawa na misokoto miwili au mitatu. Serikali ilitaka kumfukuza ikidai ni kosa kubwa la ulanguzi. Ilibidi afike Mahakama ya Juu, mwaka 2013, ndipo ikaamuliwa kwamba kugawana kiasi kidogo bila malipo hakuwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa kosa la kiwango hicho. Alichopata ni nafasi ya kuomba abaki, si kinga.

Kabla yake kulikuwa na Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyeishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na kupigana vita vya Vietnam. Alikamatwa na bangi kwenye lori lake Kentucky. Wakili wake alimwambia asihofu uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu, naye akakiri kosa. Ushauri huo haukuwa sahihi hata kidogo. Tangu uamuzi wa kesi yake mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia, kabla hajakiri, kwamba anaweza kufukuzwa.

Wanaoomba uraia nao waliwekewa angalizo mwaka 2019: idara ya uhamiaji, USCIS, ilisema mtu anaweza kukosa sifa ya "tabia njema" kwa kutumia bangi au kufanya kazi kwenye biashara ya bangi, hata katika jimbo linaloiruhusu.