Nani Amlishe Msanii?

Watu hubishana mara nyingi: je, wapiga muziki, wachoraji na waigizaji wapewe fedha na Serikali, au wategemee matajiri na watazamaji wao? Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Lakini aujazaye mkono huo aweza pia kutaka kuuongoza. Na tutazame jinsi Waingereza walivyolijibu swali hili wakati wa vita.

Vita vilipoanza Septemba 1939, nyumba za michezo na sinema zilifungwa kwa hofu ya mabomu. Picha za National Gallery, mjini London, zilihamishwa, nyumba ikabaki tupu. Ndipo Bibi Myra Hess, mpiga piano mashuhuri, alipopata ruhusa ya kufanya muziki humo saa za chakula cha mchana. Kiingilio kilikuwa shilingi 1. Muziki huo ulianza Oktoba 1939, ukaendelea hata 1946. Nyumba ilikuwa ya taifa. Fedha zilitoka mifukoni mwa wasikilizaji.

Lakini muziki wa London haukuwafikia wachimba makaa wa Wales. Januari 1940 mfuko wa hisani uitwao Pilgrim Trust, ulioanzishwa 1930 kwa mali ya tajiri wa Marekani, Edward Harkness, ulitoa pauni 25,000 ili muziki na sanaa zipelekwe kwa watu. Mwaka uo huo Serikali nayo ikatia fedha zake. Waigizaji wa Old Vic, pamoja na Bibi Sybil Thorndike, wakaupeleka mchezo wa Macbeth katika vijiji vya machimbo. Mwaka 1942 mfuko ule ulijitoa, mzigo ukaachiwa Serikali; na mwaka 1946 Halmashauri ya Sanaa ikapewa hati ya Mfalme.

Je, Serikali iligeuka kuwa bwana wa wasanii? Lord Keynes, mkuu wa halmashauri, alieleza katika redio mwaka 1945 kwamba kazi yao si kufundisha wala kukataza, bali kuwapa wasanii moyo na nafasi. Fedha zilitoka hazina, lakini waliozigawa hawakuwa mawaziri.

Hapa twapata funzo. Mtu binafsi huanza upesi, kwa kuwa hangoji shauri la wengi. Lakini huweza kuondoka apendapo. Serikali hukawia, lakini hufika mbali na kudumu. Basi haitoshi kuuliza ni nani atoaye fedha. Yafaa tuulize pia: akiisha kuzitoa, atamwachia msanii kazi yake? Hata kijiji kinachochanga kwa ajili ya ngoma yake hakina budi kujiuliza neno hilo.